UZI: DPF (chujio la masizi la gari ya dizeli) haijizibi yenyewe. Kabla hujaikata, mkague kwanza injini inayoipasha joto

Nozeli_Safi (mleta uzi):

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa wenye magari ya dizeli yaliyotumika, yale ya kutoka Japani na Uingereza ya kuanzia 2010 hivi kuja juu. Taa ya DPF imewaka, gari imekosa nguvu, umekwenda gereji na jibu ni moja: "Hiyo ikatwe, itakusumbua." Inakatwa, matumbo yake yanatolewa, control boksi (kompyuta ya injini) inaflashiwa isahau kwamba iliwahi kuwa na chujio, na maisha yanaendelea. Kazi yangu ni kupima magari kwa mashine, na ninachokutana nacho mara kwa mara ni DPF isiyo na ugonjwa wowote. Mgonjwa ni injini. Chujio limejaa kwa sababu injini imeshindwa kuliunguzia masizi yake.

Tuanze na DPF yenyewe. Ndani ni tofali la seramiki lenye vitundu vidogo vidogo vingi, kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi ukiingia hauna njia ya kutokea isipokuwa kupenya ukuta wenyewe, na masizi yanabaki ukutani. Zaidi ya asilimia 90 ya masizi hunaswa pale. Peugeot ndio waliotangulia kuiweka kwenye gari dogo la kuuzwa kwa wingi, ile 607, mwaka 2000.

Sasa masizi yaliyonaswa yanakwenda wapi? Hayaendi popote, lazima yachomwe humo humo. Na masizi yakichomwa kwa hewa tu yanataka joto la nyuzi 600 hivi. Moshi wa dizeli kwenye foleni ya Ubungo mara nyingi haufiki hata nyuzi 250. Hapo ndipo injini inapotakiwa kufanya kazi ambayo haiongezi hata hatua moja ya mwendo: kuupasha moto moshi wake yenyewe.

Ukiwa umeunganisha mashine unaona jinsi inavyofanya, na mimi bado napenda kuitazama. Control boksi inakadiria gramu za masizi kwa kutumia sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya chujio, pamoja na hesabu yake ya mafuta yaliyochomwa na mwendo uliokwenda. Kiwango kikifika, inafunga EGR, valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Inabana kidogo mlango wa hewa, maana hewa nyingi ya baridi inapoza moshi. Inachelewesha mpigo mkuu wa mafuta ili moto uungue huku pistoni ikishuka na joto litoke na moshi badala ya kusukuma. Halafu inaongeza mpigo mwingine wa mafuta, wakati pistoni imeshashuka chini sana. Dizeli ya mpigo huo haisukumi kitu. Inatoka kama mvuke hadi kwenye katalaiza (kifaa cha kusafishia moshi) iliyo mbele ya DPF, inaungulia humo bila mwali, na joto linaingia kwenye chujio. Kwenye mashine unaona namba ya sensa ya joto ikipanda: 240, 310, 450, 580, 620. Gramu zinaanza kushuka. Kazi nzima inachukua kama dakika 10 hadi 20 gari ikiwa inatembea vizuri.

Lakini control boksi haianzi kazi hii hivi hivi. Inataka injini iwe imepata moto, pasiwe na kosa kubwa lililohifadhiwa, na kwenye magari mengi mafuta ya tangi yasiwe yamefika akiba. Hilo la injini kupata moto ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu.

Hapa kwetu kuna mazoea ya kutoa themostati, ile valvu inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Fundi anakwambia nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho ni cha Wazungu wa kwenye barafu, tukitoe maji yazunguke vizuri. Themostati za magari mengi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu ili injini isishuke chini ya hapo. Ukiitoa, ukiwa barabara kuu upepo unapiga rejeta, injini inakaa nyuzi 60 au 65 safari nzima. Dereva anaona sindano iko chini anafurahi. Control boksi inaona injini haijapata moto, inaongeza mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imeamka asubuhi, masizi yanaongezeka, na ruhusa ya kuchoma haitoki. Baada ya muda taa inawaka na lawama zote zinabebeshwa DPF.

Wengine wa kukagua ni hawa: nozeli inayochuruzika, EGR iliyoganda ikiwa wazi, bomba la tabo lenye ufa linalovujisha hewa, na vile vibomba vidogo vya mpira vinavyokwenda kwenye sensa ya presha. Vibomba hivyo vikipasuka, control boksi inapewa namba za uongo, inachoma wakati usio wake au haichomi kabisa. Ni mpira wa bei ndogo mno, na kwa ajili yake watu wamekata chujio la mamilioni.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Kimara_Mwisho:

Mkuu, shukrani kwa somo. Mimi natembea Kimara hadi Posta na kurudi, siku nyingi ni foleni tupu. Taa ya DPF inawaka na kuzima yenyewe. Themostati sijawahi kuitoa, labda aliyenitangulia. Nitajuaje?

Nozeli_Safi:

Kaka, unganisha hata kile kifaa kidogo cha bluetuthi na simu, usome joto la maji ukiwa unatembea 80 Kibaha kuelekea Chalinze. Likikaa 80 na kuendelea bila kuyumba, themostati ipo na inafanya kazi. Likishuka kila unapoongeza mwendo, haipo au imeganda wazi.

Kwa matumizi yako ya foleni: kuchoma kunaanza ukiwa Manzese, unafika ofisini, unazima gari. Kazi imekatika katikati. Kesho yake inaanza tena, inakatika tena. Mafuta ya ule mpigo wa mwisho yanapotea bure na masizi yako pale pale. Taa ya DPF ikiwaka peke yake, bila ile ya injini, chukua barabara iliyo wazi, weka gia ya chini kidogo injini izunguke 2000 na zaidi, tembea mfululizo mpaka izime. Ukihisi gari iko katikati ya kuchoma (mngurumo wa kusimama umepanda kidogo, feni inavuma kwa nguvu, harufu ya moto inatoka chini) usiizime kama unaweza kusubiri.

Na usipaki juu ya majani makavu gari ikiwa kwenye hali hiyo. Chuma cha chini kina moto mkali.

Mama_Wawili:

Fundi naomba msaada. Gari yangu ni ndogo ya dizeli, ya Japani. Nikichomoa kijiti cha oili naona oili INAONGEZEKA. Sijaongeza mimi wala hakuna aliyeongeza. Gereji wameniambia ni nzuri, injini hailambi oili.

Nozeli_Safi:

Dada, usiendelee kutembelea gari hiyo kabla hujamwaga oili. Inayoongezeka ni dizeli.

Ule mpigo wa mwisho unapigwa pistoni ikiwa chini, kwa hiyo sehemu ya mafuta inagonga ukuta wa silinda, inapita kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Kuchoma kukikamilika mara moja kwa kilomita mia kadhaa, kinachoshuka ni kidogo. Kuchoma kukiwa kunaanza na kukatika kila siku, oili inakuwa nyepesi kama maji na beringi za kirenki zinabaki bila kinga. Mazda kwenye injini zao za SkyActiv-D wameweka hadi alama ya X kwenye kijiti, juu ya ile ya kujaa: oili ikikaribia pale, inamwagwa bila kusubiri kilomita za sevisi. Kwako kama alama haipo, tumia pua na vidole. Dondosha oili kwenye karatasi nyeupe, inuse. Ikinuka dizeli na kusambaa haraka, umepata jibu.

Kisha atafutwe anayesababisha kuchoma kusikamilike. Kubadili oili peke yake hakutamaliza tatizo.

Chuma_Chakavu:

Mleta uzi nakuheshimu ila tuseme ukweli. Mimi ya kwangu nilikata, gari imekuwa nyepesi, mafuta yamepungua. Hii teknolojia imewekwa kwa ajili ya kufurahisha serikali za Ulaya. Injini bila makorokoro ndiyo injini.

Nozeli_Safi:

Mkuu, nakuamini kwamba imekuwa nyepesi. Ulikuwa unatembelea gari yenye chujio lililojaa, moshi unarudisha presha kwenye injini, na kila siku inamwaga mafuta kujaribu kuchoma bila kumaliza. Ukilinganisha hali hiyo na bomba tupu, bomba tupu linashinda. Linganisha na gari yenye DPF safi na injini nzima, utaona tofauti ya mafuta ni ndogo sana.

Kuhusu kufurahisha serikali: Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka moshi wa dizeli kundi la 1, kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi yenyewe ni madogo mno kiasi kwamba yanashuka mpaka mwisho wa mapafu. Gari yako ikiwa kwenye foleni, moshi wake unamfikia mtoto aliyebebwa mgongoni pale kituoni. Mimi nina watoto, wewe pia huenda unao. Siwezi kuliona jambo hilo kama korokoro.

Bandari_Dizeli (Mombasa):

Salaam kutoka Mombasa. Lakini ndugu, mbona hao Volkswagen walidanganya? Wenye teknolojia wenyewe hawakuiamini, sisi ndio tuiamini?

Nozeli_Safi:

Swali zuri sana, na kesi ile inaonyesha kazi ya control boksi kuliko kitu kingine chochote.

Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilitangaza kwamba Volkswagen wameweka programu inayotambua gari ikiwa kwenye vipimo. Ilikuwa ikitazama usukani umegeuzwa au la, mwendo, muda injini ilivyowaka, na presha ya hewa. Ikijua iko maabara, inasafisha moshi kikamilifu. Ikiwa barabarani, inalegeza, na NOx (gesi chafu za naitrojeni na oksijeni) inapanda hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Waliowafikisha pale ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga kipimo ndani ya gari na kutembea nalo barabarani. Duniani kote yalikuwa magari kama milioni 11.

Kwa nini walegeze? Yale ya Marekani, mengi yalitumia mtego wa NOx, kifaa kinachoinasa gesi hiyo kwenye bomba la moshi. Mtego ukijaa, injini inalazimika kwa sekunde chache kuchoma mafuta mengi kuliko hewa ili kuusafisha. Hilo linakula mafuta na linaongeza masizi, na masizi yanaijaza DPF mapema. Mwenye gari anataka ulaji mdogo na chujio lidumu, sheria inataka NOx ndogo, na vyote viko mikononi mwa programu ile ile. Kifaa chenyewe kilikuwa na uwezo wa kusafisha, ndiyo maana kwenye vipimo kilifaulu. Walioamua kisifanye kazi barabarani ni watu.

Lori_Tunduma:

Mimi ni wa malori, Dar–Tunduma. Tuna magari ya Ulaya yanayotumia AdBlue. Matajiri wengi wanafunga kile kiboksi cha kudanganya mfumo ili lori lisiombe AdBlue. Kuna hasara kwenye injini au ni moshi tu? Na kuna wanaokoroga mbolea ya urea na maji ya bomba.

Nozeli_Safi:

Kaka yangu wa Tunduma, nitajibu kwa kirefu, maana hapa ndipo utamu wa jambo zima ulipo.

Kwenye dizeli kuna mvutano usioisha. Ukiwahisha mpigo wa mafuta, moto unakuwa mkali, injini inapata nguvu zaidi kwa lita ile ile, masizi yanapungua, lakini joto kali linaunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa na NOx inapanda. Ukichelewesha mpigo au ukirudisha moshi mwingi kwa EGR, NOx inashuka, ila masizi na ulaji wa mafuta vinapanda. Miaka mingi wahandisi walikuwa wanachagua maumivu.

SCR, mfumo wa kusafisha NOx kwa AdBlue, ndiyo iliyowapa nafasi. AdBlue ni maji safi yenye urea asilimia 32.5. Ikinyunyiziwa kwenye moshi wa moto inageuka amonia, amonia inakutana na NOx juu ya katalaiza, na kinachotoka ni naitrojeni na mvuke wa maji. Mfumo mzuri ukiwa na joto unaondoa zaidi ya asilimia 90 ya NOx. Kwa hiyo injini inaachiwa iungue kwa ukali, mpigo mapema, kwa sababu uchafu utasafishwa nyuma. Ndivyo malori mengi ya Ulaya yalivyopita sheria ya moshi ya Ulaya, Euro IV, mwaka 2005, kiwango cha gramu 3.5 za NOx kwa kila kilowati-saa, kisha Euro V cha gramu 2, huku yakiokoa mafuta. AdBlue inayotumika ni kama asilimia 3 hadi 5 ya dizeli.

Sasa ukifunga kiboksi, injini inaendelea kuungua kwa ukali ule ule, imepangwa hivyo, lakini nyuma hakuna anayesafisha. Lori la Euro V lenye kiboksi linaweza kutoa NOx nyingi kuliko lori la zamani lililotengenezwa bila SCR. Chuma cha injini hakitaharibika kwa hilo. Kinachoharibika ni hewa ya kila mji unaopita, kuanzia Mlandizi mpaka Mbeya.

Mbolea na maji ya bomba, acheni kabisa. Maji ya bomba yana madini, mbolea ya shambani ina viungo vingine, vyote vinaganda kwenye nozeli ya AdBlue na juu ya katalaiza. Hata AdBlue halisi ikinyunyiziwa moshi ukiwa wa baridi inaacha chumvi nyeupe mdomoni mwa nozeli. Nimeshafungua bomba nikakuta jiwe jeupe limeziba nusu ya njia. Ndiyo maana chini ya nyuzi 200 hivi control boksi inakataa kunyunyizia.

Na hapo tunarudi kwenye joto. Lori tupu linaloteremka mlima, au lililowashwa linasubiri mzani wakati dereva amelala, moshi wake ni wa baridi na SCR inalala pia. California wamekazania sana hali hii ya mzigo mdogo, na Southwest Research Institute ya San Antonio, Texas, imefanya majaribio mengi. Njia moja waliyoijaribu inanifurahisha: kuzima baadhi ya silinda. Injini ya silinda sita ikiwa na mzigo mdogo, valvu za silinda tatu zinabaki zimefungwa. Tatu zilizobaki zinabeba mzigo wote, zinaungua kwa joto kubwa zaidi, na hewa ya baridi inayopitishwa bure inapungua. Moshi unapanda joto NA mafuta yanapungua. Njia za kawaida za kupasha moshi, za kuchelewesha mpigo au kubana hewa, zinakutoza mafuta. Hii inakurudishia.

Mazda nao walitumia valvu kwa namna yao kwenye SkyActiv-D ya 2012. Injini ile mgandamizo wake ni 14 kwa 1, mdogo kwa dizeli, ili moto usiwe mkali na NOx ibaki chini bila SCR. Tatizo likawa mafuta kutoungua vizuri injini ikiwa bado ya baridi. Wakafanya valvu ya moshi ifunguke kidogo tena wakati hewa inaingia, moshi wa moto urudi ndani ya silinda uipashe hewa inayoingia.

Kimara_Mwisho:

Mrejesho wakuu. Nimesoma joto kama ulivyoelekeza. Foleni 78, barabara kuu 63, likishuka zaidi kwenye mteremko. Fundi wangu kafungua: nyumba ya themostati iko tupu.

Nozeli_Safi:

Weka ya nyuzi zilizoandikwa na mtengenezaji, usikubali ya kubahatisha. Na kabla hujafunga, kagua rejeta na feni. Mara nyingi themostati ilitolewa kuficha rejeta iliyoziba. Ukirudisha bila kusafisha rejeta, gari itachemka na utarudi hapa kunilaumu.

Petroli_Tu:

Sisi wa petroli hatumo? Ya kwangu asubuhi inanguruma juu dakika moja kisha inashuka. Na je, katalaiza ikitolewa kuna shida? Kuna mtu ananipa hela nzuri aichukue.

Nozeli_Safi:

Mngurumo wa asubuhi ni makusudi. Katalaiza ya petroli haifanyi kazi ikiwa baridi, na uchafu mwingi wa safari fupi hutoka dakika ya kwanza. Control boksi inachelewesha moto wa plagi na kupandisha mzunguko ili moshi wa moto uifikie haraka.

Anayekupa hela anafuata platinamu, paladiamu na rodiamu zilizomo. Usiuze. Na plagi au koili ikianza kuruka, tengeneza haraka, kwa sababu petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya katalaiza mpaka inayeyuka.

Mama_Wawili:

Fundi, oili imemwagwa, kweli ilinuka dizeli. Sensa ya presha kibomba kimoja kilikuwa kimechanika, kimebadilishwa. Swali: dizeli ya hapa inafaa kwa DPF? Na niweke oili gani?

Nozeli_Safi:

Dizeli: nchi za Afrika Mashariki zilihamia salfa ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) mwaka 2015. Gari yako ilitengenezewa ya 10 ppm ya Japani, lakini kwa 50 DPF inafanya kazi. Jaza kituo unachokiamini, usinunue ya kwenye madumu pembeni ya barabara.

Oili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Masizi yanaungua, majivu hayaungui. Majivu yanatokana na dawa zilizomo kwenye oili, kalsiamu na zinki, na yakishaingia kwenye DPF yanabaki mpaka ishushwe ikaoshwe. Kwa gari ndogo ya dizeli ya Kijapani tafuta iliyoandikwa alama ya ubora ya Kijapani JASO DL-1, au ya Ulaya ACEA C3 kama kitabu cha gari kinaikubali. Malori ya Kijapani yenye DPF ni DH-2. Ukikuta dumu lina picha ya lori na maneno makubwa tu bila alama hizo, liache dukani. Na kwa kuwa kuchoma kulikuwa kunakatika muda mrefu, mwambie fundi wako achome kwa mashine mara moja gari ikiwa imesimama nje, kisha asome gramu zilizobaki. Niwekee hapa namba ya gramu na presha ya chujio kwenye mzunguko wa 2500, tuone kama majivu nayo yameshakuwa mengi.